Utata wa Maneno katika Mstari wa Amri: Uhakiki wa Uchanganuzi wa Machaguo na Majina ya Matoleo katika Git

1.0 Utangulizi

Git ni mfumo wa udhibiti wa matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya uendelezaji wa kiini cha Linux. Tangu Julai mwaka huohuo, mfumo huu umekuwa chini ya usimamizi wa Junio Hamano. Mtumiaji huuagiza kwa kuandika mstari wa amri, yaani mfuatano wa maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi. Baadhi ya maneno hayo ni machaguo, ambayo huanza kwa kistari na hubadilisha namna amri inavyotenda kazi. Mengine ni majina ya matoleo, na mengine ni majina ya faili.

Tatizo linalozaa makala haya ni kwamba aina hizo tatu za maneno hazitofautiani daima kwa umbo. Neno “ripoti” linaweza kuwa jina la tawi, la lebo au la faili, na linaweza kuwa yote matatu kwa wakati mmoja katika hazina moja. Hata jina la faili linaweza kuanza kwa kistari likafanana na chaguo. Kabla ya kutenda lolote, Git hulazimika kuamua kila neno ni la aina gani.

Makala haya yanahakiki namna uamuzi huo unavyofanywa. Hoja yake kuu ni kwamba Git imefaulu pale ilipoweza kukataza majina yenye utata, imeyumba pale ilipochagua kukisia, na imechelewa kuipa alama ya mpaka nafasi inayostahili. Matokeo ya kuyumba huko si usumbufu mdogo tu. Kazi ya mtu inaweza kufutika, na kompyuta yake inaweza kutekeleza amri za mshambuliaji.

2.0 Kigezo cha uhakiki

Utata ni dhana iliyozoeleka katika isimu ya Kiswahili. Sentensi “Asha alimpigia Juma mpira” inaweza kumaanisha kwamba Asha aliupiga mpira kuelekea kwa Juma, kwamba aliupiga kwa niaba yake, au kwamba alimpiga Juma kwa sababu ya mpira. Msikilizaji huondoa utata huo kwa kutumia muktadha, na muktadha usipotosha, humuuliza msemaji. Programu ya kompyuta haina muktadha wa namna hiyo, na mara nyingi aliyeiita ni programu nyingine ambayo haiwezi kuulizwa.

Kwa hiyo msanifu wa lugha ya amri ana njia tatu. Ya kwanza ni kukataza majina yanayoweza kuleta utata. Ya pili ni kukisia kwa kufuata orodha ya vipaumbele. Ya tatu ni kumtaka mtumiaji aweke alama ya mpaka inayotenganisha aina moja ya maneno na nyingine. Katika uhakiki huu kila njia inapimwa kwa maswali mawili. Je, neno moja hupata tafsiri ileile katika amri zote? Je, tafsiri ikiwa ya makosa, madhara yake yanaweza kurekebishwa?

3.0 Kukataza majina

Njia ya kwanza inaonekana vizuri katika sarufi ya majina ya matoleo. Git humruhusu mtumiaji kutaja toleo kwa uhusiano wake na toleo jingine. “ripoti~3” ni toleo la tatu nyuma ya ncha ya tawi “ripoti”, kwa kufuata mzazi wa kwanza kila hatua, “ripoti^2” ni mzazi wa pili wa toleo lililotokana na muungano, “kale..mpya” ni matoleo yanayofikiwa kutoka “mpya” lakini hayafikiwi kutoka “kale”, na “HEAD:sura.txt” ni faili hilo kama lilivyokuwa katika toleo la sasa.

Sarufi hii ni fupi na haina utata wa kimuundo, kwa sababu alama zinazoijenga zimekatazwa ndani ya majina yenyewe. Jina la tawi au lebo haliruhusiwi kuwa na nafasi, nukta mbili mfululizo, nukta pacha, wala alama za “~”, “^” na “@{”. Aidha, amri ya kawaida ya kuunda tawi hukataa jina linaloanza kwa kistari. Mchanganuzi akikutana na “~”, anajua kwa hakika kwamba jina limekwisha na uhusiano umeanza. Kwa maswali yote mawili ya uhakiki, sehemu hii inastahili kusifiwa.

Hata hivyo, katazo hufanya kazi pale tu ambapo anayekataza ana mamlaka. Git ina mamlaka juu ya majina ya matawi na lebo, lakini haina mamlaka juu ya majina ya faili. Mifumo ya jamii ya Unix huruhusu jina la faili kuwa na karibu kila alama, isipokuwa mkwaju na baiti ya sifuri. Vilevile, Git haina mamlaka juu ya anwani za seva zinazoandikwa na watu wengine. Katika mipaka hiyo miwili ndipo njia ya pili ilipoingia.

4.0 Kukisia

4.1 Vipaumbele vinavyobadilika

Mtumiaji akiandika jina fupi, Git hulitafuta kwa utaratibu maalumu. Kwanza hulitafuta moja kwa moja ndani ya saraka yake, kisha chini ya “refs”, kisha katika lebo, matawi, matawi ya mbali, na mwisho katika tawi kuu la hazina ya mbali yenye jina hilo. Kwa utaratibu huu lebo hutangulia tawi. Kama “ripoti” ni lebo na pia ni tawi, “git log ripoti” huonyesha historia ya lebo na kutoa onyo kwamba jina lina utata. Lakini “git checkout ripoti” huangalia kwanza kama kuna tawi lenye jina hilo, na likiwapo huhamia kwenye tawi hilo. Mtumiaji anayesoma historia kwa amri moja na kuhamia kwa amri nyingine anaweza kujikuta amesoma toleo moja na kuhamia jingine, ingawa ameandika neno lilelile. Hapa swali la kwanza la uhakiki linapata jibu la hapana.

4.2 Ufupisho usiodumu

Kila toleo lina kitambulisho ambacho, katika hazina zinazotumia SHA-1, ni tarakimu 40 za mfumo wa msingi wa kumi na sita, yaani 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Mtumiaji anaruhusiwa kuandika tarakimu chache za mwanzo, zisizopungua nne, mradi zisilingane na kitu kingine katika hazina. Kwa mtumiaji wa Kiswahili jambo hili lina sura ya pekee, kwa kuwa maneno ya kawaida kama “dada”, “beba” na “baada” yameundwa kwa herufi hizo tu.

Tawi likiitwa “dada”, Git hulipa tawi kipaumbele. Tawi hilo likifutwa, neno “dada” halibaki bila maana kwa lazima. Kama kuna toleo moja tu ambalo kitambulisho chake kinaanza kwa herufi hizo, “git checkout dada” itamhamishia mtumiaji huko. Uwezekano huo si wa kufikirika tu. Tarakimu nne zina michanganyiko 65,536, na hazina kubwa huwa na vitu vingi kuliko idadi hiyo.

Ufupisho huo pia huzeeka. Tarakimu zinazotosha leo zinaweza zisitoshe baada ya hazina kukua, na ndiyo sababu mwongozo wa kiini cha Linux unataka angalau tarakimu 12 pale toleo linapotajwa katika maelezo ya mabadiliko. Machaguo marefu nayo yana tabia hiyo. “--ame” hueleweka kuwa “--amend” kwa kuwa hakuna chaguo jingine linaloanza hivyo katika amri ya “git commit”. Mwongozo wa Git wenyewe unatahadharisha kwamba skripti inayotegemea ufupisho wa namna hii inaweza kuharibika chaguo jipya linapoongezwa. Kwa maneno mengine, maana ya mstari wa amri hutegemea siku uliposomwa, si siku ulipoandikwa.

4.3 Amri moja, vitendo viwili

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika “git checkout”. Kwa miaka mingi amri hii ilifanya kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuhamia tawi jingine, na katika kazi hiyo Git hukataa kuendelea ikiwa mabadiliko yasiyohifadhiwa yatapotea. Ya pili ni kurejesha faili katika hali iliyohifadhiwa, na katika kazi hiyo mabadiliko hayo hufutwa bila mtumiaji kuulizwa.

Tuseme mwanafunzi anataka kuhamia tawi “ripoti”, lakini tawi hilo halipo katika hazina yake, na lipo faili lenye jina hilo ambalo amelihariri tangu asubuhi. Akiandika “git checkout ripoti”, Git haitapata toleo lenye jina hilo, itakuta faili, na italirejesha katika hali ya awali. Kazi ya asubuhi haikuwahi kuingizwa katika hazina, hivyo Git haiwezi kuirudisha. Mfumo uliobuniwa kuhifadhi kazi unakuwa umeifuta kwa sababu ya kukisia. Swali la pili la uhakiki nalo linapata jibu la hapana.

Wanaotetea kukisia wana hoja ya haki. Amri za kuhama huandikwa mara nyingi kwa siku, na kumsumbua mtumiaji kwa maswali kila mara kungemchosha. Lakini hoja hiyo haitofautishi kitendo kinachorekebishika na kisichorekebishika. Tafsiri ya makosa katika amri ya kusoma huonekana papo hapo na haidhuru. Hata hivyo, “git log” husimama na kudai ufafanuzi neno likiwa ni toleo na pia ni faili, ilhali “git checkout” katika hali hiyohiyo huendelea na kuhamia tawi. Tahadhari imewekwa mahali ambapo hasara ni ndogo.

Toleo la Git 2.23 la Agosti 2019 lilileta “git switch” kwa ajili ya kuhama na “git restore” kwa ajili ya kurejesha faili. Katika mfano uliotajwa, “git switch ripoti” hutoa taarifa ya kosa na haigusi faili. Katika mfano wa “dada”, hukataa kwa kuwa ilitarajia tawi ikapewa toleo tupu. Suluhisho hilo halikutokana na kukisia kwa ustadi zaidi, bali na kuondoa sababu ya kukisia.

5.0 Alama ya mpaka

Desturi ya POSIX ni kwamba vistari viwili vinavyosimama peke yake, “--”, huonyesha mwisho wa machaguo. Git iliipa alama hiyo jukumu jingine pia, yaani kutenganisha majina ya matoleo na majina ya faili. Katika “git log -- ripoti”, neno la mwisho ni faili bila shaka. Kwa mtu anayeandika kwa mkono, utaratibu huo unatosha.

Kwa mwandishi wa programu hautoshi. Programu inayopokea jina la toleo kutoka kwa mtu asiyejulikana haiwezi kuweka “--” kabla ya jina hilo, kwa kuwa Git italisoma kama faili. Isipoiweka, jina linaloanza kwa kistari litasomwa kama chaguo. Alama moja ilikuwa imebebeshwa kazi mbili, na kazi ya kulinda machaguo ikabaki bila mlinzi. Pengo hilo lilizibwa katika Git 2.24 ya Novemba 2019 kwa alama mpya, “--end-of-options”, takriban miaka 14 tangu mfumo uanze.

Gharama ya kutokuweka mpaka ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwezi Agosti 2017 ilitangazwa kwamba anwani ya ssh ambayo jina la seva yake linaanza kwa kistari ilipitishwa na Git kwa programu ya ssh, nayo ikalisoma jina hilo kama chaguo. Kwa kutumia chaguo la “ProxyCommand”, mshambuliaji aliweza kuendesha amri yoyote katika kompyuta ya aliyenakili hazina. Kosa la aina hiyohiyo lilikutwa pia katika Mercurial na Subversion, jambo linaloonyesha kwamba chanzo chake ni desturi ya pamoja, si uzembe wa kundi moja. Mwezi Oktoba 2018 Git ililazimika kurekebisha kosa la jamii hiyo tena. Safari hii anwani ya hazina ndogo iliyoanza kwa kistari ilisomwa kama chaguo la “git clone”. Sehemu ya marekebisho ilikuwa kuweka “--” kabla ya anwani hiyo, yaani alama iliyokuwa ikijulikana miaka yote.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba njia tatu za kushughulikia utata hazina thamani sawa. Katazo linafaa ndani ya majina ambayo mfumo unayamiliki. Kukisia kunavumilika pale ambapo mtu anaandika mwenyewe, anaona jibu na anaweza kulirekebisha. Kwa jina lolote linalotoka nje, na kwa kitendo chochote kisichorekebishika, alama ya mpaka ndiyo njia pekee inayotoa jibu moja kila mahali.

Historia ya Git inaelekea upande huo, lakini kwa kuchelewa. “git checkout” ingalipo na kazi zake zote mbili, na skripti nyingi bado hupitisha majina bila mpaka. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba ufundishaji wa Git uanze na “git switch” na “git restore”, na kwamba tathmini ya programu inayoiita Git ichunguze kila mahali ambapo jina la mtumiaji linaingia katika mstari wa amri. Watafiti wanaounda mifumo ya amri kwa lugha ya Kiswahili nao wana somo hapa. Maneno yanayoruhusiwa kuwa majina, na alama itakayoonyesha mwisho wa machaguo, yaamuliwe kabla ya amri ya kwanza kuandikwa, kwa kuwa watumiaji wakishazoea kukisiwa, ni vigumu kuwarudisha kwenye mpaka.