Wimbo Unaojua Unamwambia Nani

Kila baada ya muda fulani mtu huweka mtandaoni orodha ya nyimbo za Pwani "zilizostahili kuvuma Kenya nzima". Juma Bhalo hakosi. Zuhura Swaleh yumo, Maulidi Juma yumo, Zein l'Abdin yumo. Chini yake watu wanalalamika jinsi Nairobi ilivyotubania, halafu kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Mimi huzisoma orodha hizo zote, na nyimbo zenyewe huwa kali kweli. Shida yangu ni hilo neno "zilizostahili". Ni kama kusema wimbo wa Mombasa ulikuwa safarini kwenda Nairobi, ukaishiwa na nauli pale Mtito Andei.

Nyingi ya nyimbo hizi hazikuwa zikienda Nairobi.

Hebu tuanze na wimbo wa Pwani uliofika kila mahali: "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982. Teddy Kalanda Harrison aliutunga wakati bendi ilipokuwa ikipigia watalii hotelini, na kazi yake haina siri: unamsalimia mgeni. Maneno ni machache na mepesi. Mtu ameshuka ndege asubuhi, jioni anaimba. Mwaka uliofuata Boney M waliuchukua wakautoa kivyao, na haukupoteza kitu cha maana njiani, kwa sababu tangu mwanzo ulitungiwa mtu asiyejua lolote.

Taarab ya harusi ya Mombasa, ile ya miaka ya 70 na 80, ilitungiwa mtu anayejua. Ubeti una mistari mitatu, vina katikati na vina mwishoni, na ndani ya vina kuna fumbo. Juu juu ni habari ya ua, au pete, au chombo baharini. Chini yake kuna mume wa mtu, deni, uchumba uliovunjika. Mwanamke ambaye ubeti umemgusa huinuka akaenda mbele kutuza, noti mkononi, polepole, tena apitie pale alipokaa yule anayeambiwa. Ukumbi mzima umeelewa. Mgeni aliyetoka Machakos asubuhi hiyo amesikia wimbo mtamu kuhusu ua.

Tena kuna lugha. Kimvita si Kiswahili cha mtihani. Mwimbaji akisema "mato" anamaanisha macho. Akisema "ndoo" anakwambia njoo, na wewe uliyefunzwa Sanifu unawaza ndoo ya maji. Benga nayo ilikuwa na lugha yake, D.O. Misiani aliimba Kijaluo, tena kwa mafumbo, na bado wasiojua hata neno moja walicheza hadi asubuhi, kwa sababu gitaa la benga linakuinua kitini kabla hujauliza linasema nini. Taarab ni muziki unaokuketisha kwanza. Bila maneno, unabaki na nusu.

Kwa hivyo swali la nani alizibania linachosha haraka. Ndiyo, kampuni kubwa za rekodi na maamuzi ya redio vilikuwa Nairobi, na hilo lilikuwa na uzito wake. Lakini nyimbo hizi zilisafiri. Duka kama Mbwana Radio Service la Mombasa lilirekodi waimbaji na kuuza kaseti, na kaseti za Mombasa zikafuata njia za zamani: Lamu, Tanga, Zanzibar, hadi kwa Waswahili wa Omani. Wimbo mmoja uliweza kujulikana Maskati usijulikane Nakuru. Utauitaje huo? Wa mtaani? Wa kimataifa? Kipimo cha "kitaifa" kinaupita tu, kama matatu iliyojaa.

Shangazi yangu ana kaseti kwenye mkebe wa biskuti, nyingi hazina hata karatasi. Niliwahi kumuuliza kuhusu wimbo mmoja anaoupenda, unazungumzia nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza bei ya upepo. "Kulikuwa na mtu akiambiwa hapo," akasema. "Na alisikia." Akanieleza kisa, robo saa nzima, majina na nyumba na nani alihama mtaa. Kisa hicho sitakiandika hapa, wahusika wana wajukuu. Ila tangu siku hiyo wimbo ule si ule tena. Sehemu niliyodhani ni ya huzuni kumbe ni ya kisasi, na ile sauti inayotetemeka mwishoni, nahisi mwimbaji anazuia kicheko.

Chuo nilichokiacha kilinifundisha *Malenga wa Mvita*, diwani ya Ahmad Nassir ya mwaka 1971. Tulihesabu mizani, tukataja vina, tukaandika "dhamira". Hakuna aliyetwambia kwamba Ahmad Nassir na Juma Bhalo ni ndugu, wala kwamba mashairi ya malenga huyo yaliimbwa na ndugu yake kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, watu wakayabeba kichwani bila kufungua kitabu. Darasani tulisoma shairi kama maiti mezani. Kilomita mia tano kutoka pale, watu walikuwa bado wanagombana kuhusu lilimlenga nani.

Hapo ndipo ninapoogopa. Wimbo unaotegemea wanaojua hufa kwa awamu mbili: kwanza hufa wanaojua, halafu sauti inabaki inazunguka peke yake. Mombasa imeshaona haya. Vyama vya lelemama vya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa ngoma na nyimbo za vijembe miaka mingi kabla ya uhuru. Siku hizo nyimbo zao ziliuma kweli. Leo tunachojua kumhusu aliyeumwa kinatokana zaidi na wazee waliokubali kumsimulia mtafiti kabla hawajaondoka.

Na kuokoa sauti pekee hakutoshi. Mwaka 1990 GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Maulidi Musical Party, *Mombasa Wedding Special*. Ninaipenda, ninaisikiliza nikiandika. Lakini ukiwa peke yako chumbani unapata muziki wote, harusi huipati. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin 2016. Nyimbo zao nyingi ziko YouTube, na chini yake tunaandika "dhahabu tupu" na alama za moto. Hakuna anayeandika nani aliuagiza wimbo.

Kwa hivyo kabla ya kutengeneza orodha nyingine ya nyimbo zilizonyimwa haki, tafuta mtu mmoja aliyekuwepo. Mchezeshe wimbo, unyamaze. Muulize nani alituza, nani aliondoka ukumbini kabla haujaisha, na wimbo wa kujibu ulikuwa upi. Andika hata kwa simu. Majina yanaweza kusubiri miaka hamsini, lakini yawe yameandikwa mahali.