Kodi ya Masikio

Ukipita Bwaise, Kalerwe, Katwe au Namuwongo, inua macho juu ya mabati. Mahali fulani kati ya nyaya za umeme na kamba za nguo utaona nguzo ndefu, ya mti au ya chuma, na kileleni pake spika mbili, tatu au nne zenye midomo mipana, kila moja imeelekezwa upande wake. Waya unashuka kutoka huko hadi katika chumba kidogo, mara nyingi duka au kinyozi, ambamo mna amplifaya, maikrofoni, betri ya akiba kwa siku umeme unapokatika, na daftari. Hicho ndicho kizindaalo. Vikiwa vingi huitwa bizindaalo, na ndivyo chombo cha habari cha watu ambao redio kubwa hazina nafasi ya kuwataja.

Mwenye chumba hicho ni mfanyabiashara wa matangazo. Anakula kwa fedha za mwenye saluni mpya, za mwenye nyumba anayetafuta wapangaji, za kliniki iliyopata mganga wa meno, za banda la video litakaloonyesha mechi ya Arsenal jioni. Lakini ukitulia ukamsikiliza tangu salamu hadi kwaheri, utaona kwamba maneno yake mengi hayakulipiwa na mtu. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Vijana wengi wanaojifunza biashara ya matangazo katika jiji hili wanatafuta walimu mbali sana, ilhali mmoja wao yupo chini ya nguzo ile.

Kwanza lielewe tatizo lake. Redio ina kitufe, gazeti hukunjwa, simu huwekwa mfukoni. Kizindaalo hakizimiki na msikilizaji. Sauti yake huingia chumbani kwa mgonjwa, kwa mlinzi aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, kwa mama aliyekesha na mtoto mwenye homa. Hakuna hata mmoja wao aliyeiomba. Mtangazaji anayeijua kazi yake anatambua kwamba kila asubuhi anapanga katika masikio ya watu, na mpangaji hulipa kodi. Yeye hulipa kwa habari za bure, kwa neno la kutia moyo, kwa huduma. Tangazo la biashara husubiri mpaka kodi hiyo imelipwa. Asiyeilipa, majirani watamshtaki kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, na watakuwa na haki.

Tazama basi anavyopanga asubuhi yake. Huanza na salamu: bassebo ne bannyabo, mabwana na mabibi, mmeamkaje. Husifu Mungu kwa maneno ambayo Mkatoliki, Mprotestanti na Mwislamu wote wataitikia, maana chini ya spika zake wamo wote. Kisha neno la siku. Hapo ndipo mtu mvivu angesoma methali yoyote akaendelea mbele. Fundi huchagua neno linaloukuta mtaa mahali ulipo siku hiyo. Wiki ya kufungua shule, wazazi wanapohangaika na karo, atamkumbusha baba kwamba kumwendea mwalimu mkuu mapema na kuomba kulipa kwa awamu si aibu. Mvua kubwa zikikaribia Bwaise, ambako maji hujaa milangoni mwa watu karibu kila msimu, atawaomba vijana wazibue mtaro kabla wingu halijafunga, na atawasifu hadharani wale wa juzi waliotoka na majembe. Sifa kutoka kileleni pa nguzo ni kitu kikubwa kwa kijana ambaye jina lake halijawahi kusikika kwa jema.

Baada ya hapo huja shughuli za umma: mkutano wa LC, siku ya chanjo, bomba lililopasuka. Kisha vilivyopotea na vilivyookotwa. Kisha misiba. Biashara huja mwisho, au hupenyezwa mojamoja katikati, kwa kipimo ambacho ni yeye tu anayekijua.

Sauti yenyewe ni somo. Spika ya honi haibebi besi. Hubeba ile sehemu ya katikati na ya juu ya sauti ya binadamu, na huirusha mbali. Anayezungumza kwa sauti nzito ya kunguruma atasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Kwa hiyo fundi huipandisha sauti yake kidogo, hutamka kila silabi mpaka mwisho, wala hapigi kelele, kwa sababu kelele hupasuka ndani ya amplifaya na maneno yakageuka mikwaruzo. Zaidi ya yote, anajua kunyamaza. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta wa ghorofa ulio umbali wa mita 170 humrudishia neno lake baada ya sekunde moja. Kampala ni jiji la vilima, na kila bonde lina mwangwi wake. Aliyezoea bonde lake husema kifungu kifupi, huuacha mwangwi ufe, ndipo huongeza kifungu kingine. Msikilizaji hudhani ni utulivu wa tabia tu, kumbe ni utulivu wa tabia pamoja na hesabu ya masikio iliyofanywa miaka mingi.

Lakini kama unataka kumpima mtangazaji, msubiri siku mtoto anapopotea. Mama anakuja mbio, hana pumzi, na kitu cha kwanza anachofanya fundi ni kumkalisha. Huuliza kwa upole: jina la mtoto, jina analoitwa nyumbani, umri, nguo, alionekana wapi mara ya mwisho, anazungumza lugha gani. Kisha hukata programu yoyote iliyokuwa ikiendelea, hata kama ni tangazo lililolipiwa. Jina la mtoto hulitaja mara tatu, polepole, na hulitaja jina la nyumbani, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu akiulizwa anaitwa nani hutaja lile analoitwa na mama yake. Huko Kireka, karibu na Acholi Quarters, ataongeza maneno ya Kiacholi. Nsambya na Katwe, wanakoishi Wakongo wengi, ataongeza Kiswahili. Mtoto akiwa ndiye aliyeokotwa, na mzazi ndiye anayetafutwa, fundi husema machache kwa makusudi. Atataja rika na mahali, lakini alama iliyo mwilini au jina la mama ataiweka moyoni, ili anayekuja kumdai aithibitishe mwenyewe. Noti zilizookotwa nazo hazitajiwi kiasi. Hakuna shule iliyomfundisha hayo. Amefundishwa na wajibu.

Kwa watangazaji ninaowastahi, tangazo la mtoto aliyepotea halina bei. Mteja ambaye tangazo lake limekatwa katikati naye hakasiriki, kwani anajua kwamba kama leo ni mtoto wa jirani, kesho huenda akawa wake. Zaidi ya hayo, anajua kwamba dakika ile ndiyo mtaa mzima ulipotega sikio. Atakayetangazwa baada yake atasikilizwa.

Msiba nao una adabu yake. Maziko ya Kiganda hayacheleweshwi sana, na ndugu wametawanyika katika vilima vyote, kwa hiyo tangazo lazima liwe kamili tangu mara ya kwanza: jina la marehemu, ukoo wake, mtoto wa nani, mwili uko wapi, maziko ni kijiji gani na saa ngapi, gari la waombolezaji litaondokea wapi. Ukoo hauachwi, kwa sababu wapo watakaomtambua kwa ukoo kabla ya jina. Wanaotoka Bara na Pwani ya Tanzania watakumbuka jinsi nyumba zilivyokuwa zikinyamaza wakati wa matangazo ya vifo katika redio ya taifa. Hapa Kampala, kizindaalo hufanya kazi hiyohiyo kwa watu wa mabati mia chache, na mtangazaji huifanya akimfahamu marehemu. Hupunguza sauti. Baada ya msiba huacha kimya, na ukisikia kimya hicho kikirukwa haraka ili tangazo la bia liingie, jua uko mbele ya mtu ambaye bado hajaiva.

Ndipo tunafika kwenye biashara yenyewe, na hapa ukarimu unaonekana umegeuka kuwa mtaji. Tangazo lake hulitunga kama habari njema kwa jirani. Nnalongo (mama wa pacha) wa mkaa amepata magunia mapya, yamekauka vizuri, bei ni hii, yuko ng'ambo ya steji ya boda, ukiwa na mgonjwa nyumbani atakuletea. Hamwiti mteja wake bora kuliko wote Uganda. Humwita kwa jina analoheshimiwa nalo mtaani, Nnalongo, Hajji au Mwalimu, humweka mahali panapojulikana, hutaja bei, na huongeza jambo moja la kweli analolijua mwenyewe. Kwa kuwa muda wote uliotangulia alikuwa akisema kweli bila malipo, kweli hii ya kulipiwa haina tabu ya kuaminiwa.

Pia ana mchujo. Mganga anayedai kutibu kila ugonjwa duniani, mtu wa mikopo asiye na ofisi, wakala wa kazi za Ughaibuni anayetaka ada kwanza: fundi huwasikiliza kwa heshima na kuwakatalia. Aliyedanganywa na tangazo la kituo kikubwa hajui amfuate nani. Aliyedanganywa na kizindaalo anaujua mlango, na mwenye mlango ananunua nyanya katika genge lilelile, anaswali katika msikiti uleule au anakaa benchi lilelile kanisani. Kuishi karibu hivyo kunamlinda msikilizaji kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa.

Ukarimu wa namna hii una asili ndefu. Buganda ilikuwa na mdundo wa Ggwanga Mujje wa kuwaita watu wakati wa hatari, na wa Saagala Agalamidde wa kuwatoa nyumbani kwenda kwenye bulungi bwansi, kazi za pamoja za kusafisha visima na kutengeneza njia. Huko Pwani mpiga mbiu alipita mitaani, na Waswahili wakasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo ni sifa na ni sharti pia: mbiu iliayo bila jambo huacha kuwa mbiu. Mwaka 1993 Sanyu FM na Capital Radio zilipofungua njia ya redio binafsi Kampala, na CBS ya Buganda ilipoingia hewani mwaka 1996, jiji lilipata sauti nyingi mpya, lakini hakuna iliyoweza kumtangaza mbuzi aliyepotea Kalerwe tangu jana jioni. Nafasi hiyo ilibaki kwa nguzo.

Umuhimu wake ulionekana hasa tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na usafiri wa umma ukasimamishwa. Wasiokuwa na fedha za intaneti walihitaji kuelezwa kwa lugha yao na kwa sauti wanayoijua nini kinaruhusiwa, kituo gani cha afya kiko wazi, nani anahitaji chakula. Mwanzoni mwa 2022, baada ya virusi vya polio kukutwa mwaka uliotangulia katika majitaka ya Kampala, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba nchini kutafuta watoto wa chini ya miaka mitano. Mgeni mwenye boksi la chanjo hufunguliwa mlango upesi zaidi pale ambapo mtu anayeaminika ametangulia kusema atakuja.

Wapo wanaovilalamikia bizindaalo, na malalamiko yao yana uzito. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na mtangazaji anayewasha mitambo alfajiri bila kiasi, akipiga muziki saa nzima na kutangaza chochote alicholipiwa, anastahili kuzimwa. Lakini tusiwahukumu mafundi kwa makosa ya wababaishaji. Fundi hujiwekea mipaka kabla ya kuwekewa: muda mfupi asubuhi, muda mfupi jioni, spika moja igeuzwe isielekee shule wala wodi ya wazazi. Anazima yeye mwenyewe wakati watu wangali wanataka kusikia.

Jiji sasa limejaa vijana wenye kamera na kurasa za mtandaoni wanaotaka kuishi kwa matangazo. Wengi wana vipaji, na wengi wanajua kwamba maudhui ya kutia moyo huvuta watu. Ningewaomba wakakae chini ya nguzo wiki moja na daftari. Wahesabu mangapi yametolewa bure kabla ya moja kuuzwa. Waangalie jema linalotolewa ni jema la mtu gani: Bwaise inahitaji mtaro uzibuliwe, na maneno matamu yasiyomgusa yeyote hayazibui mtaro. Kisha wajiulize swali ambalo fundi wa kizindaalo hujibiwa kila siku: mtoto akipotea leo, nani atakimbilia mlangoni kwangu? Mwenye jibu la swali hilo ana biashara, hata kama vifaa vyake ni spika mbili zilizokunjika midomo. Asiye nalo aanze hapo, kabla hajatafuta mteja wa kwanza.