Kumbukumbu ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Kichakataji Picha cha Kompyuta Mpakato

Istilahi njema ni ile inayomwezesha mtumiaji kulijua jambo lenyewe bila ya kulazimika kurejea katika lugha lilikotoka. Kanuni hii ni rahisi kuitamka, lakini hupimwa pale neno linapoondoka katika orodha za wataalamu na kubandikwa dukani, mbele ya mtu mwenye fedha mkononi. Madhumuni ya makala haya ni kuipima kanuni hiyo kwa maneno machache yanayotumika kuzieleza sifa za kichakataji picha, yaani ile sehemu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo.

Kisa kilichotusukuma kuandika ni kidogo. Mtoto wa dada yetu, mkaazi wa Mji Mkongwe, alipata nafasi ya kusomea uchoraji wa majumba. Mama yake alingoja zamu yake ya upatu, akamnunulia kompyuta mpakato katika duka moja la mjini. Haikuwa mpya, ilikuwa katika zile zilizokwisha kutumika ng'ambo zinazoletwa kupitia Dubai. Juu yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kuwa ina "Intel UHD Graphics 620, GB 4". Binti akaelewa, kama ambavyo yeyote angeelewa, kuwa kichakataji picha kina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Alipoanza kuzungusha mchoro wa nyumba ya ghorofa mbili, mashine ikawa nzito kama punda wa gari mlimani. Tulipoitazama tukaona kuwa kompyuta nzima ina gigabaiti 8. Kichakataji picha kimetengewa megabaiti 128 tu. Zile gigabaiti 4 ni kiwango ambacho Windows hukiruhusu kukopa, nao kwa desturi huwa ni nusu ya kumbukumbu yote.

Muuzaji hakusema uwongo, kwani tarakimu aliyoiandika huonekana katika mashine yenyewe. Mtengenezaji naye huandika makubwa zaidi: katika orodha ya sifa za prosesa Core i5-8250U, iliyotolewa mwaka 2017, kumbukumbu ya juu ya picha imetajwa kuwa ni gigabaiti 32. Hizo ni sawa na kumbukumbu yote ambayo prosesa hiyo inaweza kuichukua. Tarakimu zote hizi ni za kweli. Kilichokosekana ni neno la kumwambia mnunuzi kuwa kumbukumbu hiyo ni ya nani.

Neno "jumuishi"

Kichakataji picha cha namna hii kimo ndani ya chipu ile ile ya prosesa kuu. Baadhi ya wafasiri hukiita "kichakataji picha jumuishi". Hatuna budi kusema waziwazi kuwa neno hili limekosewa, na kosa lake ni la sarufi kabla ya kuwa la maana.

Lugha yetu inazo alama za kutenganisha mtenda na mtendwa. Kiishio cha -i aghalabu ni cha mtenda: mlezi ni anayelea, mchokozi ni anayechokoza. Kiishio cha -e mara nyingi ni cha mtendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Elimu jumuishi ni elimu inayowajumuisha watoto wote, wakiwamo wenye ulemavu. Hapo neno limekaa mahali pake. Lakini kichakataji picha hakimjumuishi yeyote. Chenyewe ndicho kilichojumuishwa. Kukiita "jumuishi" ni kumwita mgeni mwenye nyumba.

Mtu atasema kuwa mnunuzi hajali viishio. Tunajibu kuwa anavijali pasipo kujua. Anaposikia "jumuishi" hupata picha ya kitu kilichokusanya mambo yote, kilichokamilika, na huko ndiko kinyume cha hali yenyewe. Ulinganishe mfano huu na neno "mpakato". Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili amepakatwa na kumpakata mtoto. Aliposikia "kompyuta mpakato" hakuhitaji maelezo. Neno hilo lilitoka katika matumizi ya watu, "jumuishi" likatoka katika kamusi ya lugha mbili.

Pamoja, shirika au ubia?

Ili tupate neno lifaalo, yatupasa kwanza tuijue kazi. Tuchukue mfano wa mtungi wa maji. Nyumba moja ina mtungi wake, na nyumba ya pili inateka katika mtungi wa jirani. Kichakataji picha kinachokaa peke yake, kama NVIDIA GeForce MX150 ya mwaka 2017, kina mtungi wake: gigabaiti 2 au 4 ambazo prosesa kuu haizigusi. UHD Graphics 620 huteka katika mtungi wa nyumba nzima. Kila inachokichukua kimepungua kwa wengine.

Wala si wingi wa maji tu. Mdomo wa mtungi nao una kipimo. Kompyuta yenye vipande viwili vya kumbukumbu ya aina ya DDR4-2400 inaweza kupitisha gigabaiti 38.4 kwa sekunde. Yenye kipande kimoja hupitisha nusu yake, gigabaiti 19.2, na njia hiyo hutumiwa na prosesa kuu na kichakataji picha kwa wakati mmoja. MX150 ina njia yake ya gigabaiti baina ya 40 na 48 kwa sekunde, isiyoingiliwa na mtu. Kompyuta ya binti yetu ilikuwa na kipande kimoja. Jambo hili, ambalo lina uzito kuliko tarakimu iliyobandikwa, halikuandikwa popote.

Sasa tuyapime maneno matatu. La kwanza ni "kumbukumbu ya pamoja". Neno hili ni jepesi, lakini halisemi kuwa anachochukua mmoja humpungukia mwenzake; watu husali pamoja na hakuna anayepungukiwa. La pili ni "kumbukumbu ya shirika". Hili ni neno la asili, na wazee wa mashamba ya Unguja wangali wakisema kuwa fulani na fulani wana shirika katika minazi. Hata hivyo, siku hizi shirika ni la umeme au la bima, na msomaji angedhani anasoma habari za mafaili ya ofisi. La tatu ni "ubia". Ubia ni mali moja yenye wenyewe wawili, kila mmoja ana haki ya kuchukua, na kila achukuapo hesabu hubadilika. Neno liko hai kwa mkulima, kwa mfanyabiashara na hata katika sheria.

Kwa hiyo twapendekeza "kumbukumbu ya ubia", na chombo chenyewe kiitwe "kichakataji picha cha ubia". Chenye mtungi wake kiitwe "kichakataji picha cha kujitegemea", neno ambalo halihitaji kumfasiria Mtanzania yeyote.

Yupo atakayepinga kuwa tumekitaja chombo kwa tabia yake badala ya mahali kilipo. Ni kweli, nasi tumekusudia hivyo. Mahali kilipo humhusu fundi. Tabia yake humhusu kila anayekinunua. Tena ubia haukuishia katika kumbukumbu. Prosesa tuliyoitaja imewekewa kiwango cha wati 15 kwa chipu nzima, na humo hula prosesa kuu na kichakataji picha. Kimoja kikifanya kazi sana, kingine hupunguziwa posho.

Wala neno hili si la kutweza. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, zina kumbukumbu ya ubia pia, lakini mtungi wake una mdomo mpana, wa gigabaiti zipatazo 68 kwa sekunde. Ubia wenye njia pana si aibu. Aibu ni kuuficha.

"Viini" na mabaharia

Tarakimu ya pili inayobabaisha ni hesabu ya sehemu za kazi. Kila mtengenezaji ana jina lake na namna yake ya kuhesabu, nasi huyafasiri yote kwa neno moja, "viini". Matokeo yake ni kwamba UHD Graphics 620 husemwa ina viini 24, Vega 8 ya AMD iliyomo katika Ryzen 5 2500U ya mwaka 2017 husemwa ina viini 8, na MX150 husemwa ina viini 384. Msomaji wa Kiswahili atazipanga kwa tarakimu hizo, na atakosea.

Intel na AMD katika mfano huu wamehesabu mashua, NVIDIA amehesabu mabaharia. Kila mashua ya Intel ina mabaharia 8. Mashua 24 zina watu 192. Kila mashua ya AMD ina mabaharia 64. Mashua 8 zina watu 512. Basi yule aliyeonekana mdogo kuliko wote ndiye mwenye watu wengi kuliko wote. Hatusemi kuwa wingi wa mabaharia peke yake huamua mbio. Tumekwisha kuona jinsi njia ya kumbukumbu inavyoweza kuwazuia. Tunasema tu kuwa vitu viwili tofauti haviwezi kubeba jina moja katika lugha inayotaka kuitwa ya kitaalamu.

Baadhi ya wafasiri, kwa kuliona tatizo hili, wamesema "kitengo cha utekelezaji". Neno hilo lina harufu ya wizara. Mtu atauliza mkuu wake ni nani. Pendekezo letu ni "kikosi" kwa mashua na "kitendaji" kwa baharia. UHD Graphics 620 ina vikosi 24 vya vitendaji 8. Vega 8 ina vikosi 8 vya vitendaji 64. MX150 ina vitendaji 384. Hapo msomaji anaweza kulinganisha.

"Kasi" na mapigo

Karatasi za sifa huandika pia "kasi" ya megahezi 300 na "kasi ya juu" ya gigahezi 1.10. Kasi katika Kiswahili ni mwendo wa kufika. Hezi haihesabu kufika. Inahesabu mapigo kwa sekunde. UHD Graphics 620 katika prosesa tuliyoitaja hupiga mapigo milioni 1,100 kwa sekunde inapofikia upeo wake, na Vega 8 tuliyoitaja hupiga idadi hiyo hiyo. Kama hiyo ndiyo kasi, basi zingekuwa sawa. Lakini kwa kila pigo moja hufanya kazi vitendaji 192, na kwa nyingine 512. Kikundi cha taarab cha watu wanane na cha watu ishirini huweza kufuata pigo moja la ngoma, wala hakuna atakayesema kuwa vina sauti sawa.

Twapendekeza "mapigo ya chini" na "upeo wa mapigo". Neno "upeo" litamkumbusha msomaji kuwa huko ni mwisho wa kufikia, si mahali pa kukaa. Kifaa kikipata joto, kama vyombo vyetu vinavyopata wakati wa kaskazi, hushuka.

Kuonyesha na kuchora

Mwisho tutaje kosa la kitenzi. Karatasi husema kuwa kichakataji hiki "kinakubali" picha ya pikseli 4096 kwa 2304. Hizo ni pikseli zaidi ya milioni 9.4, ilhali kioo cha kawaida cha pikseli 1366 kwa 768 kina kiasi cha milioni 1.05. Kinakubali nini? Kinaweza kuonyesha picha iliyokwisha kuchorwa, tena kwa waya wa HDMI wa aina ya 1.4 ni mara 24 tu kwa sekunde. Kuichora picha ya ukubwa huo upya kila mara, kwa vivuli na nuru zake, ni kazi nyingine kabisa. Vitenzi tunavyo viwili, "kuonyesha" na "kuchora", na hapana sababu ya kuvifunika kwa kimoja.

Hitimisho

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Heshima hiyo ina deni lake. Haitoshi maneno yetu yawe yametoka nyumbani. Yapasa yawafae waliomo nyumbani, akiwamo mama aliyengoja zamu ya upatu. Kazi ya kuzisanifu istilahi hizi ni ya Mabaraza yetu mawili, nasi tunayaleta mapendekezo haya yapingwe au yatengenezwe.

Lakini duka halina haja ya kungoja. Karatasi iliyoandikwa "Intel UHD Graphics 620, GB 4" ingaliweza kuandikwa hivi: "Kichakataji picha cha ubia. Hakina kumbukumbu ya kutosha ya kwake; hukopa hadi GB 4 katika GB 8 za kompyuta. Kipande cha kumbukumbu ni kimoja." Hayo ni maneno yasiyozidi ishirini na tano. Mama angeyasoma, angeuliza bei ya kipande cha pili cha kumbukumbu, au angeitafuta mashine ya kujitegemea, au angenunua ile ile kwa bei inayoistahili. Vyovyote iwavyo, angenunua akijua.