Neno "Kuoza" katika Elimu ya Viini

Chini ya mlima Gran Sasso huko Italia, penye mwamba wa kadiri ya mita 1,400 juu yake, kuna chombo kiitwacho CUORE. Ndani yake zimepangwa fuwele 988 za oksidi ya teluri, jumla yake kilo 742, zikapozwa hata zikakaribia upeo wa baridi. Mwamba huzuia chembe zitokazo angani. Risasi iliyotolewa katika merikebu ya Kirumi iliyozama huzikinga na mnururisho wa karibu. Tangu mwaka 2017 wataalamu wanangojea jambo moja: kiini cha teluri kigeuke kuwa zenoni kwa kutoa elektroni mbili pasipo nyutrino. Likitokea, fuwele itapata joto kidogo mno, nalo litapimwa.

Mfasiri afuataye neno kwa neno huliita jambo hilo "kuoza". Sikubaliani naye. Embe huoza kidogo kidogo, na lililokaa sana li karibu zaidi na kuoza kuliko lililochumwa jana. Kiini cha atomu hakichakai: hukaa vile vile, kisha hugeuka ghafula, wala umri wake hautuambii lini. Tena kilichooza kimeharibika, bali zenoni ni kitu kizima. Afadhali tuseme "mgeuko wa kiini". Itasemwa kwamba kugeuka ni neno pana mno. Ni kweli, lakini upana hupunguzwa kwa kuongeza neno la pili, na picha ya uongo husalia hata ikiongezewa maelezo.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2022 watafiti hao walitangaza, kwa kiwango cha asilimia 90, kwamba mgeuko huo ukiwapo, muda wa nusu ya viini kugeuka haupungui miaka milioni 22 mara bilioni bilioni. Mtu akiandika "mgeuko huo hautokei", amewasingizia; tena amefunga swali lililo wazi tangu mwaka 1937, Ettore Majorana alipoonyesha kwamba yamkini nyutrino na kinyume chake ni chembe moja. Lugha yetu ina kiungo kidogo kinachotosha, nacho ni -ja-. "Haujaonekana" hukanusha yaliyopita bila kuyahukumu yajayo, na ndivyo watafiti walivyosema.

Kwa hiyo mhariri asahihishapo makala ya namna hii na aanze na vitenzi vikanushi, ndipo atazame istilahi.