Mwalimu na Saa Asiyoihudhuria

Watu wa pwani wamezisifu kazi nyingi, na aghalabu sifa hizo zilistahiki: nahodha kwa kuzijua pepo za kaskazi na za kusi, fundi wa majahazi kwa kuuchagua ubao usiooza, mchonga milango kwa nakshi zake, na mkunga kwa wepesi wa mkono. Yuko mtu mmoja, hata hivyo, ambaye kazi yake hufanyika asubuhi mbele ya kadamnasi, katika baraza ya zahanati au chini ya mwembe ulio jirani nayo, na ambaye sijapata kumwona mwandishi akikaa kitako kumwandikia ukurasa mmoja wa shukrani. Naye ni yule awafundishaye wazazi watarajiwa. Pengine ni muuguzi mwenye sare nyeupe, pengine mkunga aliyekwisha kustaafu akaombwa arudi, pengine mhudumu wa afya wa kijiji mwenye baiskeli na bango kitita la picha lililochakaa pembe. Cheo chake hakina uzito katika habari hii.

Mwalimu wa hesabu huisahihisha kazi ya mwanafunzi wake siku ile ile, na mwalimu wa chuoni humsikiliza mtoto aya kwa aya hata akahitimu. Huyu ninayemsema husomesha kwa ajili ya saa ambayo hajui itaangukia usiku au mchana, masika au kiangazi, nyumbani, njiani au hospitalini, na ambayo yeye mwenyewe, ila kwa nadra, hatakuwapo. Na mwanafunzi wake, saa hiyo itakapowadia, atakuwa katika maumivu yawezayo kumsahaulisha sehemu kubwa ya aliyoyasikia. Aliyekabidhiwa dhamana ya namna hiyo hawezi kusema yote ayajuayo. Hana budi ayachague maneno machache yaliyo magumu kusahaulika, ayapange kwa utaratibu ambao hofu haitauvuruga, kisha ayaweke amana kwa mwanamke na kwa wale watakaokuwa wamemzunguka. Katika kuchagua huko ndimo ulimo ustadi wake wote, na ndimo unamostahiki taadhima.

Kazi hii haikuanza na zahanati. Zamani mwari wa pwani alikuwa na somo yake au kungwi wake, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, akamsindikiza ndoani, na mara nyingi akawa karibu naye siku ya kuzaa. Na baada ya hapo mzazi alitiwa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akapumzishwa na kazi za jikoni. Insafu hunilazimisha kusema kwamba katika jambo moja wazee wetu walitushinda, nalo ni kwamba mwanamke alikuwa na mtu wake, mmoja, anayemjua kwa jina na kwa tabia, ambapo siku hizi hukutana na wauguzi wanaobadilishana zamu. Lakini insafu hiyo hiyo hainiruhusu kuyafunika yaliyokuwa mabaya. Dang'a ilikamuliwa ikamwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa machafu. Damu iliyozidi baada ya mtoto kutoka ilifurahiwa, ati uchafu unatoka. Na kifafa cha mimba kilihesabiwa kuwa ni shetani, akaitwa mganga pale ilipostahili kuitwa gari. Tena elimu ile ilikuwa siri ya wanawake, na mume, ambaye ndiye aliyeshika fedha, hakuambiwa neno.

Ulaya nako walikuwa na ujinga wao. Mwaka 1933 tabibu mmoja wa Uingereza, Grantly Dick-Read, alichapisha kitabu akadai kwamba hofu hukaza misuli ya mwili, na misuli iliyokazwa huzidisha maumivu, na maumivu yakazidisha hofu, hata mwanamke akawa mfungwa wa duara lisilo na mlango. Na kwamba ufunguo wake ni kumweleza mapema yatakayompata. Mwaka 1951 Fernand Lamaze, tabibu wa Ufaransa, alikwenda Urusi akaona wanawake wakizaa kwa utulivu kwa kuzoezwa kupumua, akairudisha ilimu hiyo Paris, katika hospitali ya chama cha wafanyakazi wa vyuma. Jambo likavuma hata Papa Pius XII, mnamo 1956, akaulizwa kama ni halali, akajibu kwamba halipingani na maadili ya dini. Mwaka huo huo, huko Uingereza, Prunella Briance alitia tangazo gazetini kuwaita wanawake wenye nia kama yake, na chama cha kuwafundisha wazazi kikazaliwa.

Nawaheshimu waanzilishi hao, ila waliahidi kupita kiasi. Walipozungumza juu ya uzazi usio na maumivu walimwachia deni mwanamke aliyeumwa, akadhani ameshindwa mtihani ambao wenzake wamefaulu. Sisi wenye methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hatukuwa na udhuru wa kulikosea hilo, na mfunzi hodari wa kwetu hatoi ahadi ya aina hiyo. Huwaambia kwamba wataumwa, kisha huwaeleza yale maumivu yatakuwa yanafanya kazi gani mwilini, kwa sababu mtu huvumilia zaidi jambo analolijua maksudi yake.

Nimepata kukaa pembeni mwa baraza moja katika Mkoa wa Tanga nikasikiliza. Wanawake walikuwa wamekwisha kupimwa uzito na presha, wameshika kadi zao, wakingoja kutobolewa kidole ili wingi wa damu ujulikane. Mwalimu hakuanza kwa kuhubiri. Aliuliza nani kati yao amekwisha kuzaa, akamwomba mmoja asimulie alijuaje kwamba saa imefika, akamwacha amalize bila ya kumkatiza hata pale alipokosea, ndipo akalichukua simulizi lile akalinyosha. Uchungu wa uongo, alisema, ukitembea hutulia. Wa kweli ukitembea huzidi, na nafasi kati ya mmoja na mwingine hufupika. Kuhusu chupa kupasuka alisema hivi: "Maji yakiwa safi, oga, chukua mkoba wako, njoo. Yakiwa ya kijani, usioge, njoo." Kisha akamtaka kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie maneno hayo, na baraza nzima ikavuma.

Dalili za hatari alitaja tatu tu siku ile: kutokwa na damu, kichwa kinachouma kwa nguvu pamoja na kuona maruerue, na mtoto aliyeacha kucheza tumboni. Najua kwamba katika bango kitita lake mlikuwa na nyingine, homa, kuvimba uso na mikono, kupumua kwa taabu. Naye alijua vilevile. Aliziweka kwa mahudhurio mengine. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mahudhurio 8 badala ya 4 ya awali, na mwalimu mwenye hekima huigawa elimu yake juu ya siku hizo, ingawa humuuma kwamba wako wanaokuja mara ya kwanza mimba imekwisha kuonekana hata na majirani.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni benchi lenyewe. Juu yake alikaa binti wa mimba ya kwanza aliyeletwa na mama yake. Kando yake mwanamke wa mimba ya tano, anayesinzia. Kisha mmoja aliyemzika mtoto mchanga mwaka uliotangulia. Na bila ya shaka, mahali fulani katika safu ile, mwenye majibu ya virusi vya Ukimwi ambayo wenziwe hawakuyajua. Je, ni maneno gani yawezayo kuwafaa wote hao kwa pamoja? Ukisema msiogope, yote yatakuwa mema, aliyezika anajua kwamba husemi kweli. Ukieleza hatari kwa urefu, binti yule hatalala. Mwalimu alisema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Wengi wenu mtazaa salama, inshallah. Haya nayasema kwa ajili ya mmoja, na simjui ni nani." Hakuna aliyeonewa huruma hadharani, wala hakuna aliyedanganywa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hupotea kwa ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa akisha kufika. Ule wa kwanza ndio uwanja halisi wa mwalimu huyu, na anayeamua, katika nyumba nyingi, si mwenye mimba. Siku ile alikuwapo mavyaa mmoja, bibi wa haiba, aliyemsindikiza mkaza mwana wake, naye akasema wazi: "Mwanangu, mimi nimezaa saba nyumbani, na hayo sikuyaona." Nilitazamia atajibiwa kwa hesabu na takwimu. Mwalimu, aliyekuwa amemwamkia shikamoo tangu alipoingia, alisema: "Ndiyo maana nakuhitaji, mama yangu. Usiku ule mimi sitakuwapo, utakuwapo wewe. Kanga ya kwanza ikilowa damu, utafanyaje?" Bibi akafikiri. "Nitamwamsha mwanangu aite gari," akasema. Na papo hapo akafundishwa namba 115, isiyotozwa malipo, ambayo Tanzania imeiweka kwa ajili ya kumsafirisha mama na mtoto mchanga waliomo hatarini.

Wanaume ni habari nyingine. Zahanati nyingi humhudumia kwanza mwanamke aliyekuja na mwenzi wake, na asiye naye mara nyingine huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, jambo ambalo kwa maoni yangu humwadhibu aliyeachwa kwa kosa la aliyemwacha. Waliokuja hukaa wakitazama viatu vyao mpaka wapewe kazi. Mfunzi mwema huwapa: wahesabu nauli na kuiweka kando, wajue nani atatoa damu ikihitajika, wanunue glavu, wembe, nyuzi za kitovu na mpira wa kutandika, na wajifunze kukandamiza ngumi kiunoni mwa mke uchungu unapopanda. Mwanamume aliyekwisha kukijua kitu cha kufanya kwa mikono yake huacha kuona haya.

Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa 2022, vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, ambapo utafiti wa 2015-16 ulikadiria 556. Sithubutu kumpa mwalimu wa barazani fungu lake katika tofauti hiyo, kwa sababu mna vyumba vya upasuaji humo, na damu ya akiba, na barabara.

Somo la mwisho huhusu siku za arubaini. Dang'a humpa mtoto kinga, kwa hiyo anyonye katika saa ya kwanza, na kwa miezi 6 asipewe kitu kingine, hata maji. Hapo mabibi huguna, na mwalimu huwaacha wagune kwanza. Mtoto aliyezaliwa mdogo afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto na ambayo leo hufuatwa hata na wenye mashine. Na mama anayelia siku nyingi bila ya sababu, asiyetaka kumtazama mwanawe, asiitwe mvivu wala mwenye shetani, aletwe.

Lau ningeombwa kusema kazi hii inapungukiwa na nini, nisingetaja fedha kwanza, ijapokuwa mishahara yao nayo ni midogo. Ningetaja chumba chenye mlango na viti vya kutosha wanaume, na saa nzima badala ya nusu saa iliyobanwa kati ya mizani na kutobolewa kidole. Kwa maana siku ile, wengine walipouliza maswali yao, yule aliyezika hakuuliza lolote, na muuguzi mwingine alikuwa amekwisha kuanza kuita majina.