Namna ya Kuikagua Mashua Iliyolazwa

Katika pwani hii yetu ni chache kazi za mikono ambazo watazamaji huzidhani nyepesi, ilhali zina mitego mingi kwa mwenye kuzitenda, kama kazi ya kuipandisha mashua na kuilaza muda wa masika na kusi. Maana mpita njia, aionapo imesimama juu ya gadi zake, imepakwa deheni nyeupe toka mkukuni hata kwenye alama ya maji, na jicho lake la omo limetiwa rangi mpya, husema moyoni mwake kwamba mwenyewe ni mtu hodari, akaenda zake. Kumbe weupe ule, ukionekana mwezi wa Juni, ndio unaomfanya mjuzi asimame na kutilia shaka. Mashua iliyolazwa vyema haina haiba, na anayetaka kuijua kazi kwa kweli yake hana budi ainame, aingize kichwa chini ya kivuli, anuse, agonge, na kutia kidole pahali ambapo fundi hakutazamia kuwa kidole cha mtu kitafika.

Huko Ulaya ya kaskazini vyombo vidogo hupandishwa nchi kavu kwa kuikimbia baridi, kwa sababu maji yaliyojificha katika nyufa huganda yakawa barafu, na barafu hutanuka kwa nguvu za kupasua. Basi juhudi ya wenyewe ni kulitoa kila tone. Sisi tuna maadui wawili, nao hawapatani hata wao kwa wao: jua, likaushalo mbao mpaka zikaachana, na mvua ya masika, ambayo ni maji matamu, na maji matamu, kinyume cha wanavyodhani watu wa bara, huiozesha mbao upesi, hali maji ya chumvi huihifadhi. Kwa hiyo mwenye kuilaza mashua huku hutakiwa kutenda mambo mawili yaonekanayo kupingana, yaani kuikinga na maji ya mbinguni, wala asiiache ikasahau maji ya bahari. Na karibu hitilafu zote nilizopata kuziona zilitoka kwa mtu aliyelishika moja katika haya mawili akaliacha la pili.

Kabla ya kuitazama mashua yenyewe, tazama pahali ilipolala. Bamvua huja mara mbili kwa kila mwezi, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, lakini bamvua hazilingani. Zile zilizo karibu na 21 Machi na 23 Septemba, wakati usiku na mchana vinapokuwa sawa, aghalabu hupanda juu kuliko nyingine za mwaka, na katika pwani ya Unguja, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, shibiri moja ya ziada ni riziki. Mwenye busara huipandisha mashua yake kwa bamvua ya Machi, kaskazi ikiwa inakufa na masika haijashika, akaiweka juu ya mstari wa mwani mkavu, mahali ambapo mawimbi ya kusi kuu, tangu Juni hata Agosti, hayaifikii. Na maji yale yaliyoifikisha pale juu hurejea kuichukua Septemba, kusi ikisha kulegea na demani ikiingia. Utadhani kalenda ya bahari ilitungwa kwa ajili ya wenye mashua. Iliyopandishwa Mei, baada ya mwenyewe kushtushwa na dhoruba ya kwanza, utaitambua mara moja: mchanga umechimbwa chini ya mkuku, gadi za upande wa bahari zimezama, na mwani mbichi umenasa penye usukani, ambao haukutolewa.

Gadi hazihitaji maneno mengi. Kila moja sharti iegemee pale penye taruma kwa ndani, wala si katikati ya mataruma mawili, ambapo ubao peke yake ndio utakaobeba uzito wote na kuingia ndani kama shavu la mzee. Kisha simama nyuma ya tezi, fumba jicho moja, ufuatishe mkuku mpaka omo; ukiuona umepanda katikati au umeshuka, magogo ya chini hayakusawazishwa, na kuurudisha mkuku uliozoea kupinda ni kazi ambayo mafundi wengi wataipokea na wachache wataiweza. Farumi iwe imetolewa yote, na mlingoti umeng'olewa katika mwashiri wake. Mlingoti ulioachwa umesimama katika kusi huitikisa mashua usiku na mchana, na kila mtikisiko hulegeza msumari.

Sasa tufike ngamani, nami naomba radhi kwa kukaa hapa kitambo, maana hapa ndipo nilipofunzwa. Nalikuwa kijana nilipofuatana na ami yangu kwenda kuitazama mashua ya dhiraa 15 iliyokuwa ikiuzwa, nyeupe tumbo zima, iking'aa mbavu kwa mafuta, nikasema, "Ami, hii imetunzwa." Akanijibu, "Imetunzwa uso, mwanangu. Toa nguruzi." Nguruzi ilikuwa imepakwa deheni juu yake ikagandamana, hata ikanilazimu kuigonga kwa jiwe, na ilipotoka yalifuata maji meusi kama kahawa, yenye harufu ya majani yaliyolala mtungini. Ami alichovya kidole akayaonja, akatema, akasema, "Matamu," kisha akamshukuru mwenye mashua kwa adabu zote, tukaondoka bila ya kuuliza bei. Njiani ndipo aliponieleza kwamba lau yangalikuwa ya chumvi angaliendelea kuikagua, maana chumvi ni masalio ya bahari na huenda isiwe na dhara. Lakini yale yalitoka juu, yakapita katika mbao zote za darumeti, yakashuka kwa kila taruma, na yalikuwa yamekaa pale tangu mvua za kwanza, nguruzi ikiwa imefungwa na mtu aliyedhani kwamba kufunga ndiko kuhifadhi.

Basi katika mashua iliyolazwa kwa maarifa nguruzi hukosekana mahali pake, na mwenyewe ukimuuliza ilipo atakuonyesha imefungwa kwa uzi mahali ambapo hataisahau siku ya kushusha. Vitundu vya chini ya mataruma, vipitishavyo maji toka omo hata tezi, viwe wazi. Chukua ukuti mmoja, toa chelewa yake, uipenyeze kimoja baada ya kimoja, nayo isiporudi na tope, mtunzaji huyo ni mtu wa kuheshimiwa. Kisha ingiza kichwa unuse. Harufu ya chumvi, ya sifa, yaani mafuta ya papa, na ya mbao kavu ni njema. Harufu ya uyoga ni ya kuoza, hata ikiwa macho hayajaona kitu.

Juu pawe na paa la makuti lililoinuliwa mbali na mashua, kiasi cha mtu kupita akiinama, na ncha zote mbili ziachwe wazi ili upepo uingie kwa omo na kutokea kwa tezi. Wako wafunikao kwa turubali walilolibana pande zote kama maiti aliyekafiniwa. Mvua kweli haiingii, lakini jasho la mbao nalo halitoki, na chini ya turubali lile kuvu hustawi. Ama dawa ya jua ni maji ya bahari yenyewe, yanayomwagwa ndani kila baada ya siku chache, ndoo mbili tatu zikipitishwa kote kisha zikaachwa zitokee penye nguruzi, ili mbao zisikauke kupita kiasi. Alama ya kuwa jambo hili limefanywa ni weupe mwembamba wa chumvi katika mataruma, nami nikiuona weupe huu wa ndani huwa sina haja ya kuuona ule wa nje.

Tumbo lake hutakiwa liwe limekwanguliwa na kuchomwa mara tu baada ya kupandishwa, likiwa bado na unyevu, kwa mienge ya makuti makavu inayopitishwa chini yake ili kuwaua wadudu watoboao mbao. Alama ya moto iwe ya rangi ya mkate, iliyoenea sawasawa. Ikiwa nyeusi penye maungio ya mbao, jua kwamba mwenge ulikawia na pamba ya kalafati imeungua. Gonga kwa nyundo ndogo ya mti. Mbambakofi, mvule au msaji ulio mzima hujibu kwa sauti kavu. Uliooza hujibu kama boga. Penye misumari tafuta machozi meusi ya kutu, ambayo hayatoki sana katika chombo ambacho fundi wake alizungushia kila msumari pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kuupiga.

Kuhusu kalafati nina rai ambayo si kila fundi ataikubali. Watu hufurahi kuona maungio yamejazwa pamba pomoni katikati ya kiangazi, hali mbao zimejikunja na nyufa zimepanuka. Lakini mbao hizo zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyoshindiliwa haina pa kukimbilia, basi ama itatokeza nje kama ulimi, au itausukuma ubao mpaka msumari utoke katika taruma. Fundi mwelewa huziacha nyufa wakati wa mapumziko, akaja kuzikalafati siku chache kabla ya kushusha, baada ya kulowesha kwingi, tena kwa mkono wa wastani. Pitisha kucha: pamba ikae ndani ya uso wa ubao kiasi cha unene wa ukucha, ikifunikwa kwa chokaa iliyokandwa na mafuta. Na deheni, ambayo ni chokaa na shahamu, ije mwisho kabisa, kwa sababu iliyopakwa mapema hupasuka juani, tena husitiri kila nililolitaja. Ukibonyeza kwa dole gumba iache alama hafifu. Ikitoka unga, chokaa imezidi, na ikiteleza, shahamu ndiyo iliyozidi. Juu ya alama ya maji ni jambo jingine. Huko sifa haina msimu, na mbao zisizopakwa mafuta ya papa mara kwa mara hupasukapasuka juani.

Tanga na kamba nitazipitia upesi. Tanga liwe limefuliwa kwa maji matamu, likaanikwa kweli kweli, kisha likatundikwa darini mbali na panya, wala lisifungwe na foromali na kuachwa nje. Lifunue katikati ya mkunjo, hapo ndipo vidoa vya ukungu huanzia. Kamba ya usumba isokotoe kinyume uone moyo wake, kwani nje hudanganya. Gofia na abedari zizunguke kwa kidole kimoja.

Lakini hukumu ya mwisho ni Septemba, bamvua inapoipokea mashua, Fatiha imesomwa, na watoto wamekwisha kula halua. Usifadhaike ikivuja, mbao zilizokaa miezi sita nchi kavu haziwezi kuacha kuvuja siku ya kwanza, na ile isiyovuja hata tone ndiyo niiogopayo, kwa hofu ya pamba iliyoshindiliwa. Muweke kijana ndani na upo, umwamuru ahesabu ni mara ngapi afuapo maji toka magharibi hata alfajiri. Usiku wa pili hesabu ipungue kwa nusu, na wa tatu kijana apate kulala. Ikiwa alfajiri ya tatu hesabu haijashuka, usingojee ya nne: itisha watu, uirudishe juu mchana uo huo, maana baada ya siku mbili tatu maji yatakuwa mafu, na mpaka bamvua ijayo hakutakuwa na maji ya kuifikisha kwenye gadi zake.