Safari ya Sibiloi Ianzie Chalbi

Wanaopanga kupeleka familia kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi huanza kwa kuuliza siku ngapi na shilingi ngapi. Swali linaloamua safari yenyewe ni jingine, na aghalabu halijibiwi mpaka gari limeshatoka Nairobi: mzunguko uendeshwe kuanzia upande gani? Maana siku hizi upo mzunguko kamili. Unapanda kwa barabara ya lami kupitia Isiolo, na mbele yako kuna milango miwili ya kuingilia jangwani. Wa kwanza uko Laisamis, ambako barabara ya changarawe inakata kwenda magharibi hadi Sarima na kuendelea Loiyangalani, kwenye ufuo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana. Wa pili uko mbele zaidi, Marsabit. Hapo unateremka mlima kuelekea Maikona, unavuka jangwa la Chalbi kupitia Kalacha mpaka North Horr, ndipo unashika njia ya Sibiloi. Wengi huchagua mlango wa Laisamis kwa kuwa ni wa karibu na ni mwepesi, Chalbi wakaiweka kiporo cha kurudi nacho. Naona wamepanga kinyume. Kwa gari lenye watoto ndani, Chalbi iwe ya kwenda na Laisamis iwe ya kurudi.

Kabla ya lami kufika kaskazini mjadala huu usingekuwa na maana. Lami ilikomea karibu na Isiolo, magari yakakusanyika kwenye kizuizi kungoja msafara wenye askari, na kufika Marsabit peke yake kulikuwa safari ya kusimulia. Leo barabara hiyo ni lami mpaka Moyale, na zile kilomita 540 hivi kutoka Nairobi hadi Marsabit zinamalizika kwa siku moja, ingawa ni siku ndefu. Badiliko la pili lilitokana na umeme. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, ulihitaji kusimamisha mitambo 365 huko nyikani. Kila mtambo una mapanga matatu, kwa hiyo mapanga 1,095, kila moja likiwa na urefu wa karibu mita 25, yalilazimika kusafirishwa kwa lori kutoka bandari ya Mombasa. Lori lililobeba mzigo wa urefu huo halikati kona ya ghafla wala halipandi mwinuko mkali, na ndiyo sababu kilomita 208 kutoka Laisamis hadi kwenye mradi zilipanuliwa na kutengenezwa upya. Familia zinazopita pale zinafaidi barabara ambayo haikujengwa kwa ajili yao. Hata hivyo ni changarawe, si lami, na inavuka malaga, yaani mito mikavu ambayo hujaa ghafla mvua ikinyesha mlimani, mbali na macho ya dereva.

Tofauti kati ya njia hizi mbili haiko kwenye ugumu tu. Iko kwenye namna kila moja inavyoharibika. Laga likijaa, unaegesha mahali pa juu na kungoja. Maji huja kwa kishindo na mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa. Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale lililokauka, bapa kama sinia, lenye ganda la chumvi na udongo mzito chini yake. Ikiwa kavu, gari linateleza juu yake kwa raha kuliko barabara nyingi za mijini. Ikilowa, haikauki kwa saa. Huchukua siku, na baada ya mvua kubwa hata majuma. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haitoi onyo: ganda la juu hukauka na kuwa jeupe huku tope likingali bichi chini, na dereva hulijua hilo pale ekseli inapokaa juu ya ardhi. Kwa hiyo hali ya Chalbi si jambo la kukisiwa kwa kutazama anga wala picha ya setilaiti. Ni habari inayopatikana kwa watu, na mahali pa kuipata ni Marsabit, makao makuu ya kaunti, wanakofikia madereva wa malori ya mifugo na bidhaa wanaotoka North Horr. Dereva aliyevuka jana anajua leo pako vipi.

Ukiipata habari hiyo ukiwa Marsabit, hata ikiwa mbaya haikugharimu kitu kikubwa. Tangi limejaa, hospitali iko karibu, watoto wamelala kitandani. Unageuza, unarudi kilomita kama 100 za lami hadi Laisamis, unaingia ziwani kwa mlango mwingine na kurudi kwa huohuo. Umepoteza mzunguko, safari bado ipo. Sasa chukua aliyeanza na Laisamis. Atafika North Horr siku ya nne au ya tano, na hapo ndipo atakapoambiwa kuwa Chalbi imelowa.

Tuipigie hesabu. Land Cruiser ya dizeli iliyopakia familia ya watu wanne na mizigo, kwenye mchanga na mawe, tuiwekee lita 18 kwa kila kilomita 100. Sehemu yote isiyo na kituo cha mafuta cha kutegemewa, pamoja na mizunguko ndani ya mbuga, tuikadirie kilomita 700. Hizo ni lita 126, na ukiongeza robo ya akiba unakaribia lita 160. Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani, kisha Sibiloi, kisha North Horr, gari litakuwa limekwenda kilomita 500 hivi na kunywa lita 90. Zimebaki 70. Kurudi Laisamis kwa njia ya Loiyangalani ni kama kilomita 320, yaani lita 58. Ukingoni mwa hesabu hiyo zimesalia lita 12, na hapo hatujazungumzia kupotea njia, kuzunguka laga wala kuwasha injini usiku kwa sababu mtoto ana homa. Kweli, North Horr mafuta ya pipa hupatikana, lakini mpango unaotegemea kwamba mwenye pipa hajaishiwa ni wa kubahatisha. Aliyeanzia Marsabit hukutana na swali lilelile la Chalbi akiwa na lita zote 160, na hata akigeuzwa njiani Maikona, kituo cha mafuta kiko nyuma yake.

Pingamizi la kwanza ni la mafundi, na lina uzito, tena kwa maana halisi. Ukianza na Chalbi, unaivuka gari likiwa limelemewa kuliko wakati mwingine wowote. Maji ya watu wanne kwa lita tano kwa siku, kwa siku tano na mbili za akiba, ni lita 140. Ongeza dizeli, na vimiminika peke yake vinapita kilo 270. Je, si busara kuvuka ardhi laini gari likiwa limepungua? Ingekuwa busara kama ulaini wa Chalbi ungekuwa wa kadiri. Lakini Chalbi kavu hubeba malori ya ng'ombe, na Chalbi iliyolowa hukwamisha hata pikipiki. Kilo 150 za kupungua haziokoi mtu. Uzito unaumiza kwingine, kwenye mawe meusi ya volkeno kati ya mteremko wa Marsabit na Maikona, ambayo hukata tairi ubavuni. Hapo mafundi wako sahihi, na dawa ni spea mbili badala ya moja, mitungi kuwekwa chini ndani ya gari badala ya juu ya keria, na mwendo wa mtu asiye na haraka. Upepo wa tairi upunguzwe baada ya mawe, kwenye mchanga, si kabla. Asiye na pampu ya kuujaza tena asiupunguze kabisa.

Pingamizi la pili linahusu upepo, na ni la werevu zaidi. Ukanda kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya hupitisha upepo mkali wa kusini-mashariki karibu mwaka mzima. Ndio uliovutia ile mitambo 365. Anayetoka Marsabit kwenda kaskazini-magharibi anaupata mgongoni. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa juu ya mawe, upepo wa nyuma humaanisha rejeta haipati hewa ya kutosha na vumbi la gari lenyewe linaingia madirishani. Ni kweli, na anayekwenda upande wa pili haoni shida hiyo. Tiba yake, bahati nzuri, ni rahisi: kila mnaposimama, geuza gari boneti iukabili upepo, injini ikiwa inaunguruma, mpaka mshale wa joto ushuke. Linganisha na kinachompata aliye upande wa pili. Anatoka North Horr alfajiri akielekea mashariki, jua likimchoma usoni juu ya uwanda mweupe wa chumvi usio na mti wala kivuli, na alama za magurudumu, ambazo ndizo barabara yake, zikiyeyuka kwenye mng'aro. Anayetoka Marsabit asubuhi jua liko nyuma yake, na kila alama inaonekana bila mng'aro huo. Kwenye ardhi ambayo njia ni nyingi na zote zinafanana, kuona vizuri kunashinda rejeta iliyopoa.

Wapo pia wazazi wanaosema watoto wazoeshwe joto polepole, waanze na njia nyepesi. Mji wa Marsabit uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wenye ukungu na msitu. Chalbi iko kwenye mita 400 hivi. Mteremko huo unaongeza nyuzi nane au tisa za joto katika saa chache, na hakuna uelekeo wa mzunguko unaoweza kuzifuta. Kinachobadilika ni hali ya watoto wanapolipokea joto hilo. Siku ya pili bado wana hamu na usingizi wa kutosha. Siku ya tano wamechoka, wamekula vumbi na wamegombania dirisha mpaka basi. Mzazi yeyote anajua ni siku ipi kati ya hizo angependa gari likwame.

Kalenda inaleta kikwazo ambacho vitabu vya watalii havikitaji, kwa sababu viliandikwa kwa watu wasiobanwa na likizo za shule. Mvua za kaskazini, ingawa chache, huja kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Likizo za shule za Kenya ni Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwishoni mwa mwaka. Kati ya hizo tatu, Agosti pekee ndiyo inayotegemewa kuwa kavu. Familia nyingi kwa hiyo zitasafiri katika miezi ambayo Chalbi ina uwezekano mkubwa wa kufungwa, na hilo linazidi kutilia nguvu haja ya kuikabili mwanzoni. Kwa Aprili ningekwenda mbali zaidi: ningeondoa Chalbi kwenye mpango kabisa, nikaingia na kutoka kwa Laisamis, bila kinyongo.

Kuhusu Sibiloi yenyewe, wazazi wasiahidi simba. Mbuga hii, iliyotangazwa 1973, ina pundamilia, swala na mamba wengi sana, lakini utajiri wake uko ardhini. Koobi Fora, ndani ya mbuga, ndiko lilikopatikana mwaka 1972 fuvu la binadamu wa kale linalojulikana kwa nambari 1470, lenye umri unaokaribia miaka milioni mbili, na aliyeviona vipande vyake ni Mkenya, Bernard Ngeneo, wa kikosi cha mtafiti wa visukuku Richard Leakey. Kuna magogo ya miti iliyogeuka mawe, ambayo mtoto anaweza kuyagusa, ila si kuokota kipande. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi. Hayanywewi, wala hayahesabiwi kwenye zile lita 140. Kina cha ziwa kimepanda miaka ya karibuni na kumeza baadhi ya njia za ufuoni, kwa hiyo kati ya Alia Bay, upande wa mbuga, na Loiyangalani ramani ya simu isiaminiwe kuliko askari wa mbuga aliyepita juma hilo.

Usalama nao una nguvu ya kubatilisha yote niliyosema. Wizi wa mifugo hulipuka na kutulia bila ratiba, na njia iliyokuwa shwari mwezi uliopita huenda leo haipitiki. Magari yawe mawili, na kabla ya kuteremka mlima polisi na maofisa wa shirika la wanyamapori waulizwe hapohapo Marsabit, siku hiyohiyo. Atakayesema kwamba mwongoza watalii mzoefu anamaliza shida zote hizi ana haki kwa sehemu: mwongozaji mzuri anajua njia, ana simu ya setilaiti na anajulikana vijijini. Lakini tope la Chalbi halimjui, na lita 12 kwake ni lita 12. Mkimwajiri, muulizeni kwanza anapanga kuingilia mlango upi, na akisema Laisamis, aeleze atafanya nini akiambiwa North Horr kwamba mbele hapapitiki.